Tiketi imepotea na tarehe ya korti imepita: namna ya kulipata faili lako Texas kabla ya kulipa chochote

Swali, kutoka kwa msomaji wa Abilene, Texas: Mwezi wa pili nilikuwa natoka Abilene kwenda Fort Worth kwa barabara ya I-20, polisi akanisimamisha na kuniandikia maili 86 mahali pa 75. Nilitia sahihi, karatasi nikaiacha garini, gari nikaliuza, karatasi ikaenda nalo. Sikumbuki polisi alikuwa wa wapi. Tarehe ya korti najua imepita. Nikitafuta jina langu kwenye intaneti naona tovuti zinazotaka nilipe ndipo zinionyeshe rekodi yangu. Rafiki ananiambia nilipe faini niachane nayo. Mwaka huu nataka kusomea leseni ya CDL, ile ya kuendesha malori. Nifanye nini?

Ndugu yangu, fumba mfuko kwanza. Usilipe kitu mpaka ujue faili lako liko korti gani na limefika hatua gani. Rafiki yako anakutakia mema, ila kwa mtu anayetaka kuendesha malori, kulipa na kuachana nayo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Sababu utaiona huko mbele.

Texas haina daftari moja la tiketi. Jimbo lina kaunti 254. Miji, mikubwa kwa midogo, ina korti zake za manispaa, zaidi ya 900 kwa jumla, na kila kaunti ina korti za Justice of the Peace, ambazo watu wote huziita JP. Hizo ni mamia mengine. Kila korti hutunza mafaili yake kwa programu yake, na tovuti yake kama inayo. Tiketi ya kawaida ya mwendo kasi ni kosa la Class C, daraja la chini kabisa ambalo adhabu yake ni faini peke yake. Rekodi ya jinai inayotunzwa na idara ya usalama ya jimbo, DPS, huanzia Class B kwenda juu, kwa hiyo hata ukiinunua, tiketi hii hutaiona humo. Zile tovuti zinazoomba kadi ya benki huuza data iliyookotwa huku na huku zamani. Zinaweza kukuonyesha anwani uliyohama miaka mitano iliyopita na zisikuambie kwamba una tarehe ya korti keshokutwa. Korti yenyewe hukueleza hali ya kesi yako bure.

Basi swali la kujiuliza si wapi tu uliposimamishwa, bali nani aliyekusimamisha. Polisi wa mji hupeleka tiketi zake korti ya manispaa ya mji huo. Trooper wa DPS, yaani polisi wa jimbo wa barabara kuu, naibu wa sheriff na konstebo hupeleka zao kwa JP wa sehemu lilipotokea kosa, maana kila kaunti imegawanywa katika vipande viitwavyo precinct. Watu wengi hupotea hapa: kosa limetokea katikati ya mji, wanapiga simu manispaa, wanaambiwa jina halipo, wanafurahi. Kumbe aliyeandika alikuwa trooper, na faili limekaa kwa JP likingoja.

Jaribu kukumbuka sare. Trooper wa DPS huvaa sare ya rangi ya mchanga na kofia ya pama, na gari lake kwa kawaida ni jeusi na jeupe. Kama simu yako ilikuwa inahifadhi safari kwenye Google Maps, fungua siku ile uone gari lilisimama wapi kwa dakika kumi na tano pembeni ya barabara kuu. Hilo peke yake linaweza kukupa kaunti. Kwa njia uliyopita, kaunti ni saba: Taylor, Callahan, Eastland, pembe ya Erath, Palo Pinto, Parker, kisha Tarrant. Kikomo hushuka ukikaribia Fort Worth, kwa hiyo ile 75 yako inaelekeza zaidi kwenye kaunti za mashambani. Anza na JP wa Callahan, Eastland na Palo Pinto, halafu korti za miji iliyo kando ya barabara kama Clyde, Baird, Cisco, Ranger na Weatherford.

Kabla ya kupiga simu hizo zote, kuna milango miwili ya mkato. Wa kwanza ni tovuti ya texasfailuretoappear.com, inayoendeshwa na OmniBase, kampuni inayotumiwa kuripoti DPS watu wasiofika kortini. Unaweka namba ya leseni na tarehe ya kuzaliwa, na kama korti imekuripoti, jina la korti na namba yake ya simu vinatokea. Wa pili ni ukurasa wa DPS ndani ya texas.gov unaoonyesha kama leseni yako ina kizuizi chochote. Lakini ukikuta patupu usishangilie. Si kila korti hutumia mpango huo, na zinazoutumia haziripoti siku hiyo hiyo tarehe inapopita. Patupu maana yake ni kwamba hujaripotiwa bado, si kwamba tiketi haipo.

Unapotafuta kwenye tovuti ya korti au kwa simu, makosa ya majina ndiyo yanayowaangusha watu wetu. Polisi anasoma leseni yenye majina matatu usiku kwa tochi, anaweka jina la baba mahali pa jina la kwanza, anakata herufi, anaunganisha mawili kuwa moja. Jaribu kila mpangilio. Jaribu herufi nne za mwanzo tu kama tovuti inakubali. Tarehe ya kuzaliwa andika mwezi kwanza, ndipo siku. Na kama wewe ni miongoni mwa wale walioandikishwa kambini kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, usitegemee tarehe hiyo, kwani utaletewa watu wengine kibao wa tarehe hiyo hiyo, na makarani wakiwa na haraka huweza kukuunganisha na mtu usiyemjua. Tumia namba ya leseni ya udereva. Hiyo haifanani na ya mtu.

Tahadhari kidogo hapo. Tovuti za korti hazina mwisho mmoja, nyingine huishia .gov, nyingine .us, na miji mingine hutumia .org au hata .com. Njia salama ni kuingia kupitia ukurasa wa kaunti au mji wenyewe, na kuruka matangazo yanayokaa juu ya matokeo. Ukipata ujumbe wa simu unaodai kuwa idara ya magari itafunga leseni yako kwa tiketi ambayo haijalipwa, ufute: Texas DMV hushughulika na usajili wa magari na haikusanyi faini za tiketi. Anayetaka ulipe kwa kadi za zawadi ni mwizi. Na mtu akikuletea faini ya kamera ya taa nyekundu, kumbuka jimbo lilipiga marufuku kamera hizo mwaka 2019.

Ukiipata korti, muulize karani mambo haya na uyaandike: namba ya citation, yaani ya tiketi yenyewe, namba ya kesi kama ni tofauti, kosa lilivyoandikwa, tarehe ya mwisho ya kufika ilikuwa ipi, hali ya kesi kwa sasa, kama kuna warrant, yaani hati ya kukukamata, na kama kuna shitaka la pili la kutofika. Muulize pia barua zao wanatuma anwani gani. Sheria inakutaka uijulishe DPS ndani ya siku 30 ukihama, na barua za korti hufuata anwani ya leseni. Wengi waliopata warrant walikuwa wamehama tu. Usimuulize karani ufanye nini, kwani haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Muulize kuna njia zipi. Hilo atalijibu.

Sasa hofu ya kukamatwa. Tangu 2017 sheria ya Texas inamtaka hakimu, kabla ya kutoa warrant ya mtu aliyekosa kufika mara ya kwanza, atume taarifa kwa simu au barua yenye tarehe nyingine ndani ya siku 30, pamoja na maelezo ya njia zilizopo kwa asiyeweza kulipa. Sheria hiyo hiyo inasema mtu akijileta mwenyewe na kuonyesha nia ya kumaliza jambo, hakimu aondoe warrant ya kutofika. Kwa hiyo kujipeleka ni bora mara kumi kuliko kukutwa barabarani. Ukikutwa, kwanza utalala ndani, pili kuna ada ya dola 50 ya warrant. Kila mwaka, kwa kawaida kati ya mwezi wa pili na wa tatu, miji na kaunti nyingi hufanya msako wa pamoja wa wenye warrant za namna hii, na barua huwa zimetangulia. Ukiipata barua ya msako, usiifiche kabatini. Kama unaogopa kwenda dirishani, wakili wa tiketi anaweza kuingia kesi kwa niaba yako na kuomba warrant iondolewe.

Tuje kwenye kulipa. Kutia sahihi kwako barabarani hakukuwa kukiri. Ulikuwa unaahidi kufika. Lakini ukilipa faini yote, kwa mtandao au kwa posta, sheria ya Texas inahesabu malipo hayo kuwa hukumu ya hatia, sawa na mtu aliyesema hapingi shitaka. Kosa linakwenda DPS, linaingia kwenye rekodi yako ya udereva, kampuni ya bima inaliona. Zile pointi zilizokuwa zikiwaongezea watu madeni ya jimbo zilifutwa tarehe 1 Septemba 2019, na wengi wanadhani tangu hapo tiketi haina uzito. Ina uzito. Makosa manne ya mwendo ndani ya miezi 12, au saba ndani ya miezi 24, yanaweza kukufungia leseni.

Badala ya kulipa tu, kuna njia mbili zinazofuta kosa. Moja ni kozi ya udereva salama, ambayo makarani huiita DSC. Unajibu kuwa una hatia au hupingi, unaonyesha bima, hakimu anakupa siku 90 za kusoma kozi ya saa sita iliyoidhinishwa na TDLR, idara ya leseni za kazi ya jimbo, unarudisha cheti pamoja na rekodi ya udereva aina ya 3A na kiapo kilichotiwa sahihi. Rekodi hiyo unainunua DPS, kama dola 12 ukiagiza mtandaoni. Watu hununua aina nyingine ya bei ndogo, korti inaikataa na siku zinayoyoma; sema 3A. Wewe ulizidi kikomo kwa maili 11, kwa hiyo uko ndani ya mpaka: njia hii hufungwa kwa aliyezidi kwa maili 25 au zaidi, aliyekwenda maili 95 au zaidi, aliyepita basi la shule lililosimama, au aliyekosea penye ujenzi wakati wafanyakazi wapo. Pia usiwe umeitumia ndani ya miezi 12 kabla ya kosa.

Tatizo lako ni tarehe. Ombi la DSC linakuwa haki yako ukiliwasilisha siku ya mwisho ya kufika au kabla yake. Baada ya hapo linakuwa hisani ya hakimu, lakini sheria inampa uwezo wa kulikubali hata likichelewa, maadamu kesi haijahukumiwa. Andika barua fupi: namba ya kesi, kwamba karatasi ilipotea, kwamba umeitafuta korti mwenyewe, kwamba hujawahi kutumia kozi hiyo, na kwamba unaomba DSC, akikataa, unaomba deferred disposition. Ambatisha nakala ya leseni na bima. Hakimu wa JP katika kaunti ndogo husoma barua hizo mwenyewe, na barua yenye adabu husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hiyo deferred disposition ndiyo njia ya pili. Hakimu anaahirisha hukumu kwa muda usiozidi siku 180, unalipa gharama za korti na mara nyingi kiasi cha ziada, unapewa masharti, kubwa likiwa usipate tiketi nyingine. Ukimaliza salama kesi inafutwa. Dereva aliye chini ya miaka 25 hulazimika kufanya na kozi ndani yake.

Na hapa ndipo CDL inapoingia. Njia zote mbili zimefungwa kwa mtu aliyekuwa na CDL siku ya kosa, na pia kwa mtu aliye nayo wakati anaomba. Sheria za serikali kuu ya Marekani haziruhusu majimbo kuficha makosa ya madereva wa CDL, hata kama siku hiyo alikuwa kwenye gari lake dogo akienda sokoni, na katazo hilo linawagusa pia wenye kibali cha kujifunzia. Umenipata? Ukichukua kibali cha CDL kwanza na kukumbuka tiketi baadaye, mlango umeshafungwa. Maliza hii kwanza, upate karatasi ya kufutwa, ndipo ukaandikishwe shule. Ukishakuwa na CDL, kuzidi kikomo kwa maili 15 au zaidi huhesabiwa kosa zito; mawili ndani ya miaka mitatu huweza kukuweka nje ya lori siku 60, matatu siku 120. Kwa dereva wa lori, kumlipa wakili kwa tiketi moja si anasa.

Njia ya tatu ni kusema huna hatia na kwenda kwenye kesi. Texas inakupa haki ya jury, baraza la raia sita wa kuamua kesi, hata kwa tiketi ya mwendo kasi, na upande wa mashitaka lazima uthibitishe bila shaka ya maana. Wakili wa kulipiwa na serikali hutapewa, kwa kuwa kosa hili halina kifungo. Unaweza kuomba video ya gari la polisi. Ukishindwa, una siku 10 za kukata rufaa kwa dhamana, na katika korti nyingi za ngazi hii kesi husikilizwa upya kaunti. Mimi naona njia hii inafaa pale ambapo kuna kosa la kweli kwenye tiketi, au ajali iliyoleta madai. Kwa maili 11, DSC ni nafuu. Palipo na ajali, jihadhari na neno guilty, yaani nina hatia: kujibu kuwa hupingi hakuwezi kutumiwa dhidi yako kwenye madai ya fidia.

Fedha. Faini ya mwendo kasi yenyewe ina ukomo wa dola 200. Gharama zilizowekwa na sheria juu yake hufika kama dola 134: 62 za jimbo, 50 za faini ya trafiki ya jimbo, 14 za korti ya mahali, 5 za polisi kuandika notisi na 3 za trafiki ya mahali. Kwa DSC hulipi faini, unalipa gharama hizo na hadi dola 10 za ombi, kisha kozi na rekodi juu yake. Shitaka la pili la kutofika likiwepo, hesabu inapanda, na deni lililopita siku 60 likipelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni huongezewa asilimia 30. Kizuizi cha OmniBase nacho ni dola 10 kwa kila kosa. Baada ya hukumu, ukilipa sehemu yoyote kuanzia siku ya 31 unaongezewa dola 15.

Kama huna uwezo, sema hivyo mbele ya hakimu, tena mapema. Mwaka 1971, katika kesi ya Tate dhidi ya Short iliyotoka Houston, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kumfunga mtu kwa sababu tu hana fedha za kulipa faini. Tate alikuwa amefungwa kwa faini za trafiki za dola 425. Leo hakimu wa Texas anaweza kukupangia malipo kidogo kidogo, kukupa kazi za jamii ambazo kila saa nane hukata dola zisizopungua 100, au kusamehe. Peleka hati za mshahara, kodi ya nyumba, barua ya chakula cha serikali kama unapata. Kukaa kimya ndiko kunakofunga watu.

Mkalimani ni haki yako bila malipo kama hufuati Kiingereza vizuri, lakini mkalimani wa Kiswahili hakai kortini akikusubiri. Omba kwa maandishi angalau wiki mbili kabla, utaje lugha kwa jina, Kiswahili au Kinyarwanda au Kilingala, na useme unatoka nchi gani. Sheria inaruhusu atumike kwa simu. Usimpeleke mtoto wako wa darasa la saba akutafsirie mbele ya hakimu. Neno moja la no contest, yaani sipingi, likitafsiriwa vibaya, umeshajibu shitaka.

Neno juu ya tiketi nyingine, kwa kuwa familia nyingi huwa na zaidi ya moja. Bima ikiwa ilikuwepo siku ile ila hukuwa na kadi, leta uthibitisho, inafutwa. Bima ikiwa haikuwepo kabisa, faini ya mara ya kwanza ni dola 175 hadi 350. Usajili wa gari au leseni iliyoisha, ukirekebisha ndani ya siku 20 za kazi, korti inaweza kufuta kwa ada isiyozidi dola 20.

Kesi ikishakwisha, usiondoke dirishani bila nakala ya mwisho wa kesi yenye muhuri, ambayo karani anaiita certified disposition. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa notisi au kushikiliwa na polisi, na mafaili ya zamani huteketezwa muda wake ukifika. Ukiomba nakala baada ya miaka kumi unaweza kukuta barua ya kusema hakuna kumbukumbu. Ukiipata barua hiyo nayo itunze. Kisha, kama mwezi baada ya korti kufunga kesi, angalia tena ukurasa wa leseni wa DPS. Kizuizi kikiwa bado kipo, mpigie karani wa korti, si DPS: korti ndiyo iliyokiweka, na ndiyo inayotuma taarifa ya kukiondoa.